Tairi za gari yangu ya remote zilikataa kutoka kwa rim, na mimi nikakataa kupumzishwa

Wakuu, hamjambo huko mliko. Niko Nyeri, baridi imetukalia kama mgeni asiyejua kuaga. Hii nawaandikia ni kitu ilinitokea mimi mwenyewe na kila neno ni kweli. Wa kubisha abishe, lakini asome mpaka chini kwanza.

Mapema niseme hivi: mimi ni mzee, niko na wajukuu, na ninaendesha gari ya remote. Ndiyo, ile ya betri. Cheka kabisa, nangoja.

Umemaliza? Sawa.

Maisha yangu yote nimekuwa dereva wa lori. Viazi na kabeji za Kieni, napakia Chaka, nateremka Karatina, Sagana, mpaka soko Nairobi, kesho narudi. Hiyo barabara naijua kuliko sura yangu.

Halafu sukari. Ilianza na kidonda kidogo kwa kidole na ikaisha na mguu wa kushoto kukatwa chini ya goti. Mguu wa clutch, wakuu. Lori ikapewa dereva mwingine. Mimi nikapewa kiti cha plastiki nje ya nyumba, na kila anayepita barabarani ananiambia pole.

Hiyo pole ni neno zuri, sikatai. Lakini ukiambiwa asubuhi, mchana na jioni na watu wale wale, unaanza kuiskia kama matusi.

Gari yenyewe nilinunua mtumba kwa jamaa wa Nairobi aliyekuwa anahama nchi. Urefu ni kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Si toy ya supermarket. Iko na motor ya kuaibisha bodaboda, shock nne, na remote ya mkono iko na kiusukani kidogo pembeni. Haitaki miguu. Inataka mikono na macho, na hizo ziko.

Siku ya kwanza nikiiendesha nililia. Mwanaume mzima, machozi mpaka kwa ndevu. Sioni aibu kuandika hapa.

Tuko na kikundi. Jumapili baada ya kanisa tunakutana Chaka kushindana, kuna uwanja wa murram nyuma ya soko. Wakulima, mwalimu mmoja, fundi wa TV, na Abdi, muuza ng'ombe wa Nanyuki, ambaye huja na gari yake ikiwa imefungwa kwa shuka kama mtoto. Abdi ananiita Dere. Ananitusi vile anatusi wengine wote, hapunguzi hata kidogo kwa sababu ya magongo. Ndio maana nampenda.

Sasa shida.

Tairi zangu ziliisha. Zikawa kipara kabisa, gari ikipiga kona inateleza mpaka kwa nyasi. Nikaagiza tairi mpya, zikafika, safi, meno kama ya tinga ya kulima. Lakini ni tairi peke yake, bila rim.

Kwa wale hawajui: tairi za hizi gari haziingizwi upepo. Ndani kuna sponji, na ukingo wa tairi umebandikwa kwa rim na super glue. Yule jamaa wa Nairobi alibandika kama mtu anajenga bwawa. Gundi imezunguka pande zote mbili, imekauka, imekuwa jiwe.

Na rim hazipatikani. Hii gari ni model ya zamani, mahali nati inaingia ni size ya peke yake. Nimeuliza Nairobi, nimeuliza mtandaoni, hakuna. Kwa hivyo ni hizo nne tu. Nikiharibu moja, gari imekwisha. Nami nimerudi kwa kiti cha plastiki.

Nataka muelewe hapo vizuri, kwa sababu kuna mtu atakuja kucomment "si ununue ingine." Nunulia mimi.

Wakati huo huo kijana wangu Kariuki akaja nyumbani. Anafanya kazi Murang'a, ana familia yake, ni mtu mzuri sana na ananichosha sana. Akanikuta nimeweka hizo magurudumu kwa meza nikiziangalia.

"Baba, labda hii ni ishara," akasema. "Umefanya kazi ya kutosha. Pumzika."

Nikamuuliza nipumzike nikingoja nini.

Akasema watu wanaongea. Ati mzee wa kanisa anacheza na gari ya watoto kwa uwanja, na huo mguu. Ati mimi nikianguka huko Chaka ni yeye ataulizwa.

Nikamwambia hao watu wakitaka kuongea waje hapa tuongee, niko na viti. Hakucheka. Akaniambia, "Basi hizo zikivunjika, tukubaliane imeisha. Usitafute ingine."

Sikukubali. Lakini pia sikukataa kwa sauti, na yeye akachukua hiyo kama ndiyo. Wakuu, jihadharini na watoto wenu, wanajua kufunga mkataba wakati umenyamaza.

Nilikuwa na hasira mpaka chai ikanishinda.

Asubuhi nikatia magurudumu kwa mfuko, nikaenda na magongo yangu mpaka kwa Muchiri, fundi wa puncture hapo chini ya stage. Hapa ndipo udereva uliniponza. Mimi kwa akili yangu, tairi ni tairi. Miaka yote hiyo tairi ikikataa unapeleka kwa mtu wa puncture, anaingiza chuma, anakanyaga, inatoka. Sikufikiria mara mbili.

Muchiri akaigeuza akiiangalia. "Mzee, hii ni ya nini?"

"Ni tairi. Toa."

Akatafuta screwdriver kubwa, akaingiza kwa ukingo, akasukuma. Ikalia *ta!*

Moyo ukashuka mpaka kwa ule mguu haupo. Rim ilikuwa imepasuka ukingoni, ufa wa urefu wa ukucha. Muchiri alitaka kuendelea, ati upande ule mwingine utakubali. Nikamwambia, "Weka chini hiyo kitu. Weka chini!" Watu wa stage wakageuka wote.

Nikazikusanya kwa mfuko nikapanda kurudi nyumbani. Njiani nikakutana na mama mmoja wa kanisa, akaona vile nimekunja uso, akauliza. Nikamwambia. Naye bila kufikiria akasema, "Ah, Baba Kariuki, asiyesikia la mkuu..." Akaangalia chini. Akakumbuka anaongea na nani.

"Malizia," nikamwambia.

Hakumalizia. Alikumbuka ghafla ana kuku wa kulisha.

Basi jioni nikampigia Abdi. Abdi akanitusi kwanza, akaniita mtu wa kabeji, akauliza ni nani alinipa ruhusa ya kupeleka plastiki kwa mtu wa chuma. Halafu akasema gundi hiyo inaogopa vitu viwili: acetone na maji ya moto. "Lakini Dere, acetone pima kwanza tone moja upande wa ndani, mahali haionekani. Kuna plastiki zingine zinayeyuka."

Acetone nikatuma kwa salon ya jirani. Nikaletewa ile ya kutoa rangi ya kucha, ya pinki, inanukia strawberry. Nikapima tone kama nilivyoambiwa. Plastiki haikuyeyuka, asante Mungu. Lakini rangi ya silver ilitoka yote hapo, na gundi ikabaki vile ilikuwa, sasa ikinukia matunda. Hiyo ni maji na marashi tu, wakuu. Acetone safi ni kitu ingine na huku kwetu sikuipata. Nikaachana na hiyo njia.

Ikabaki maji.

Kuna video moja ya jamaa wa ng'ambo. Anaweka magurudumu kwa sufuria, anachemsha nusu saa, anatoa, anavuta tairi na vidole kama anamenya ndizi. Nikasema kumbe ni hivyo tu?

Nikawasha jiko nje, nikaweka sufuria, nikatia gurudumu moja, lile lenye ufa nikaliacha kando. Maji ikatokota. Nusu saa ikaisha. Nikatoa na kitambaa, nikavuta.

Wapi.

Nikarudisha. Nikaongeza makaa. Nikakaa hapo na kipande cha katoni, napepea makaa, moshi kwa macho, saa nzima ikapita na nusu ingine juu yake. Nikatoa tena. Gundi imekaa tu, haina habari na mimi.

Hapo nilikuwa karibu kushindwa. Nasema ukweli kwa sababu niliahidi. Niliweka hilo gurudumu kwa mapaja na nikaona Kariuki ameshinda bila hata kuwa hapa.

Mama Kariuki, mke wangu, alikuwa amesimama mlangoni akichagua maharagwe kwa ungo. Alikuwa ameniangalia muda huo wote bila kusema kitu. Huyu ni mwanamke ambaye akinyamaza unajua anapika maneno.

"Huyo mtu wako wa video anaishi wapi?"

Nikamwambia sijui, pengine karibu na bahari, nyuma yake naona kama ufuo.

"Haiya. Na wewe unaishi wapi?"

Nikamwangalia.

"Baba Kariuki, umeoa Nyeri, umezaa Nyeri. Githeri hapa inaanza asubuhi inaiva ukiwa umeshasahau una njaa. Dada yangu aliyeolewa Mombasa anapika maharagwe zile zile na makaa nusu. Huku juu mlimani maji inatokota kabla haijakuwa moto sawasawa. Na wewe unataka gundi iive na nusu saa ya watu wa bahari?"

Wakuu, nilikaa hapo nikajiskia mjinga wa kupimwa na debe. Nimepanda na kushuka huu mlima na lori maisha yangu yote. Naskia masikio yakiziba nikifika Sagana. Na sikuwahi kufikiria sufuria.

Nikamwambia basi nipe pressure cooker.

"Ile ya chama? Nani, mimi? Upike gundi kwa kitu napikia wageni?"

Tukabishana. Mimi nikasema nitaiosha. Yeye akasema hata ukiiosha na maji ya ubatizo hiyo haitarudi kwa jikoni yangu. Nikapandisha sauti. Naye akaweka ungo chini, na akasema kitu sikutarajia.

"Unafikiri mimi nataka upumzike kama vile Kariuki anasema? Mimi sitaki. Nikikuona kwa hicho kiti ukiangalia lori zikipita, naogopa. Hospitali sikuogopa hivyo. Siku unatoka Chaka na matope unaniitisha chakula ukipiga kelele, hiyo siku nalala vizuri."

Nilikuwa sijui kama ananiangalia nikiangalia barabara.

Akaingia ndani. Nikaskia vyombo. Akatoka na pressure cooker ingine, ya zamani, mkono wake umefungwa na waya, ile hutumia kupikia mbwa.

"Hii. Mbwa watakula ugali baridi leo. Na mimi ndio nitaifunga, wewe utatulipua."

(Nimerudi, nilikuwa nimeenda kufukuza mbuzi ya jirani kwa sukuma wiki. Tuendelee.)

Sasa wale wako na shida kama yangu, hapa mshike kalamu. Usiweke gurudumu moja kwa moja kwa chuma chini, plastiki itaungua. Sisi tuliweka majani ya ndizi na kitambaa kizee. Maji ifunike magurudumu. Moto wa wastani. Tukaacha muda ule yeye huacha maharagwe makavu, na hapo ni yeye alikuwa anaskiza filimbi, si mimi. Halafu, na hii ni muhimu, USIFUNGUE ikiwa na mvuke. Acha ipoe yenyewe. Na kama rim yako ni plastiki nyepesi ya toy ya bei rahisi, usijaribu kabisa, itatoka kama chapati.

Harufu, wakuu! Ni kama mtu amechoma viatu ndani ya salon. Mbwa wenyewe walihama boma.

Akafungua. Nikatoa la kwanza na kitambaa likiwa bado moto. Gundi ilikuwa imebadilika rangi, nyeupe kama chumvi. Nikachukua kijiko, si ile upande wa kulia chakula, ile upande wa mkono, butu, nikaingiza polepole kwa ukingo. Nikasikia *krrr*. Nikazungusha kidogo. *Krrr* tena.

Ikaachilia.

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

La pili likatoka. La tatu likasumbua, tukalirudisha, likakubali. Likabaki lile la ufa. Mama Kariuki akashika rim na kitambaa, akabana pale pamepasuka na vidole vyake, ili ufa usifunguke. Mimi nikazungusha kijiko polepole. Alichomeka kidogo na hakuachilia. Tairi ikatoka nzima, na ufa ukabaki vile vile, haukuongezeka hata kidogo.

Tuliangaliana. Akasema, "Sasa utoe hiyo harufu kwa nyumba yangu."

Kubandika mpya ni rahisi. Sugua rim mpaka gundi ya zamani iishe, kausha, vaa tairi, funga na mpira uliokatwa kwa tube ya baiskeli ili ikae sawa, halafu gundi matone madogo madogo. MADOGO. Mtu atakayekuja kuitoa ni wewe mwenyewe. Pale kwa ufa nilipaka gundi kwanza nikaacha ikauke.

Kariuki akapiga simu kuuliza hali. Nikamwambia zimetoka zote nne. "Zote?" Nikamwambia zote, na Jumapili uje na gari yako utupeleke Chaka, mama yako anakuja pia.

Alikuja. Njia nzima anaendesha, mimi nikimwonyesha pothole ambazo anaziona mwenyewe.

Sasa kwa kikundi chetu tuko na sheria moja. Gari yako ikipinduka, unaenda kuisimamisha wewe mwenyewe, kwa miguu, mbio. Hakuna wa kukusaidia. Ndio adhabu ya kuendesha vibaya. Mimi, tangu nijiunge, sikuwahi kupinduka. Niliendesha kama mama aliyebeba mayai, makusudi, kwa sababu ya hiyo sheria. Hilo hakuna aliyejua, hata Abdi.

Lakini siku hiyo tairi zilikuwa zinashika, wakuu. Zinashika! Kona ya kwanza nikampita mwalimu. Nikasahau mayai. Nikafungua yote, vile nilikuwa nafungua lori ikiwa tupu narudi nyumbani. Nikawa wa pili, pua yangu kwa mkia wa Abdi, anapiga kelele "Dere umekula nini leo!"

Kona ya mwisho kule mbali, karibu na ukuta wa mabati, tairi ikashika kuliko nilivyozoea. Gari ikaruka, ikageuka, ikatulia magurudumu juu yakizunguka.

Wote wakageuka kuangalia magongo yangu. Nilijua wanafikiria nini.

Kariuki akaanza kukimbia. Tayari yuko katikati ya uwanja.

"KARIUKI! RUDI!"

Akasimama. "Baba, ni mbali, wacha mimi..."

"Nimesema rudi. Ni gari yangu."

Nikampa Mama Kariuki remote. Nikachukua magongo. Ni mbali kweli, na murram iko na mawe, na gongo moja liliteleza nikapiga goti chini. Hakuna aliyekuja. Nilisikia Abdi akiwaambia, "Mwacheni! Sheria ni sheria!" Nikainuka. Nikafika. Nikainama, nikaisimamisha. Nikaangalia tairi: zote nne ziko mahali pake.

Na kurudi pia ni mbali, ndio mjue. Wote walikuwa wamemaliza kitambo, hakuna gari ingine uwanjani, na hakuna aliyefunga mfuko wake aende. Nikachukua remote, nikamalizia mizunguko yangu yote peke yangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa laini. Wa mwisho. Wa mwisho kabisa.

Kariuki alikuja akasimama kando yangu. Goti langu lilikuwa linatoa damu na alikuwa ameliona, lakini hakulitaja. Aliangalia gari, akaangalia kule kona, akasema, "Ile kona umeingia na speed mingi sana, Baba."

Hayo ndiyo maneno dereva anaambiwa.

Funzo langu ni hili: kitu kikikataa kutoka, usiongeze nguvu kabla hujaangalia unaishi wapi na maji yako inachemka namna gani. Na mtu akikuambia upumzike, muulize kwanza yeye amechoka na nini.

Haya, uwanja ni wenu. Wako na njia bora ya kutoa gundi waseme, wa kunitukana pia wakaribie, nimezoea Abdi. Lakini anayetaka kuniambia nimezeeka aniambie akiwa Chaka, Jumapili, na gari yake mkononi.